Waya wa Bati kwenye Chuma cha Mizani

Maneno yalianzia penye wauza ndizi, sokoni Nyamache, yakamganda Bonareri kama utomvu wa mgomba: chuma kinachoning'iniza mizani pale kituo cha majani chai kinalia magunia yakipanda. Na aliyekichomelea ni Celestine, bintiye.

Alienda karakana ya binti mara tatu. Mara tatu akachekwa.

"Mama, uliuona ule mshono? Umenyooka kama umepitishwa cherehani."

"Nguo haibebi magunia. Ulitumia waya gani?"

"Uliokuwa kwenye mashine. Milimita nukta nane."

"Ule wa masanduku ya bati ya wanafunzi?"

"Waya ni waya. Wewe uliishia darasa la saba, mambo ya mashine niachie."

Darasa la saba, sawa. Lakini Bonareri alikuwepo Kisii mjini siku Yashwant, mwenye duka la vyuma, alipouliza, "Chuma chako kina unene gani, dada?" Celestine akajibu, "Nipe wa kawaida tu." Mzee wa watu akaeleza hadi koo likamkauka: bati linatoboka kwa waya mnene, chuma kinene kikipewa waya mwembamba na moto mdogo wa mashine, waya unalala juu tu, haushiki ndani. Alisikizwa na nani?

Jumatatu, siku ya kupima majani, Bonareri akasimama chini ya mizani.

"Hakuna gunia linapanda hapa mpaka mwanangu aje na nyundo."

"Mama Celes, majani yananyauka!" wanawake wa foleni wakapiga kelele.

"Yanyauke! Kichwa chako kikipasuka utakishona na nini?"

Celestine akaja amefura. Mama akawasukuma wanawake wote kando. Binti akapanda ngazi, akapiga nyundo moja ya hasira, awaonyeshe. Mshono ukabanduka mzima, kama ukoko wa ugali. Chuma kikaanguka puu, pale foleni ilipokuwa imesimama.

"Mama..." Celestine alishuka ngazi.

"Wiki mbili naimba! Wiki mbili!"

Kesho yake Celestine alisaga ule mshono wote, akaweka waya mnene wa moja nukta mbili, akaongeza moto, akakichomelea chuma upya. Bonareri hakuomba ruhusa. Alichukua chaki, akaandika mlangoni pa karakana:

Usinunue waya kama hujapima chuma.
Usichomelee chuma kinene na waya wa bati.
Usiweke waya mnene kwa sanduku, litatoboka.
Usibadilishe waya ukaacha moto ni ule ule.
Usiamini mshono kwa urembo.
Aluminiamu usiiguse na waya wa chuma, haishiki kabisa.
Usichomelee juu ya kutu wala rangi.