Taa ya Kijani

…itakuwa imewaka, ile taa ya kijani, itakosaje kuwaka na ni yeye mwenyewe aliyeunganisha waya wake moja kwa moja na swichi, akauficha chini ya zulia, na huko juu dalali anabonyeza kwa madaha, "Umeona, dada, miguu yote minne inavuta, hata tope la magotini unapita," na mdogo wake anacheka kwa furaha, na yeye fundi mzima kalala chali chini ya gari, bati liko puani, bati la kopo la oili alilolikata kwa mkono wake miaka mitatu iliyopita kuziba pale alipong'oa propela iliyokuwa ikilia, ule mhimili wa kupeleka nguvu miguu ya nyuma, boliti nne, moja si saizi yake, kwa kuwa mwenye gari wa wakati huo alisema nyamazisha huo mlio niuze, naye akaunyamazisha, akaitwa fundi wa mafundi, akavimba kichwa… tangu siku hiyo jitu hili linavutwa na miguu ya mbele tu, sawasawa na kale kagari kadogo kalikopauka pale pembeni, ila kadogo hakajidai… "Kaka, lipi sasa? Mimi nakusikiliza wewe tu," viatu vyake vimesimama karibu na sikio la kaka mtu, viatu vya kazini, tope limekaukia visiginoni, tope la kule kilimani anakopanda kuzalisha watu, uchungu haungoji mvua ikatike, na juzi gari la kukodi lilikwama akatembea, akafika mama keshajifungua peke yake… aibu, aibu tupu, inamwasha shingoni kama upupu, aseme tu chukua kadogo, hili injini imechoka, nani atajua, lakini kadogo hakapandi kilima kile, na hili litamwangukia nani, dada wa mtu mwingine, naye atakuwa na kaka anayemwamini… "Kaka, umelala huko?"… mficha uchi hazai, ndivyo mdogo wake anavyowaambia wajawazito wake wanaoona haya, nao wanacheka, wanafunguka, laiti angejua leo mwenye uchi ni nani, tena ni kaka huyu huyu aliyemlea, akamfundisha kusema kweli kwa fimbo… dalali kabonyeza tena, tik, itakuwa imewaka tena, na mkono wa fundi umeshika ile boliti isiyo saizi yake, "Mdogo wangu, hebu inama uchungulie hapa, hii ni kazi ya mkono wangu…"