Vioo vya Tonton Mohamadi

Tonton Mohamadi, mjomba wangu, alijenga karakana ya ushonaji mtaani Mangobo akaiezeka kwa vioo vitupu, ili jua lisipate taabu ya kutafuta mlango. Washonaji kumi na wawili walipanga humo, na mkubwa wao, Mama Madina, akatoa onyo: kivuli kipatikane kabla ya Jumamosi, la sivyo wote wanahama na cherehani zao.

Madina alitaka wavu mzito wa kivuli utandazwe nje, juu ya vioo. Tonton alitaka mapazia mekundu ya mahameli ndani, chini ya vioo, ili watu wa barabarani waendelee kuona paa likimeremeta.

"Papa, joto ikishapita kwa kioo, iko ndani na sisi," Madina akasema. "Pazia itatuficha tu tusione jua yenye inatupika."

"Vioo nilitoa mbali, halafu nifunike na wavu sawa samaki? Bon, tutafanya réunion."

Kwa kuwa nasoma shule ya bweni na najua maneno makubwa, nilikabidhiwa itifaki. Niliitekeleza kwa uaminifu wa kutisha. Mkutano niliupanga saa sita mchana. Mheshimiwa, kama ada inavyotaka, hukaa katikati, na katikati ndipo kilipo kioo kikubwa kuliko vyote. Nilimwekea tonton kiti chenye mito. Washonaji, watu wasio na cheo, niliwatupa barazani, kwenye upepo.

Tonton alikuja na suti na tai. Mheshimiwa havui koti hotuba zikiendelea, wala hainuki. Niliandikisha wasemaji tisa, na kila mmoja alianza kwa kuwasalimu wakubwa wote, cheo kwa cheo. Alipomaliza wa sita, tai ya tonton ilikuwa imebadilika rangi.

"Mutoto, inabakia wangapi?" akaninong'oneza.

"Watatu, tonton. Kisha neno la shukrani."

"Hiyo ni ya nani?"

"Ni yako."

Akainua mkono, macho ameyafumba. "Wavu. Juu. Inje. Leo."

"Na pazia, papa?" Madina akauliza kutoka barazani.

"Nani alisema pazia?"

Wavu ulifungwa jioni hiyo, na Jumamosi cherehani zote kumi na mbili zilikuwa zikinguruma mahali pake. Sasa tonton husimama barabarani akiwaeleza wapita njia kwamba chini ya wavu ule kuna vioo. Nao humjibu kwa upole kwamba wanaamini.