Ndoo ya Mwarobaini

Kitendawili: moto usio na moshi, unaunguza shamba bichi. Jibu lake ni ugonjwa wa bakajani, na mwaka huu umeingia kwenye nyanya zangu hapa Bungu. Madoa meusi juu ya jani, ukungu mweupe chini yake. Mashina ni ishirini tu, lakini ni ile mbegu ya marehemu mume wangu, na niliipanda yote, sikuacha akiba. Zikifa kabla ya kuiva, mbegu imekwisha.

Mwarobaini huku mlimani hauoti, baridi haiutaki. Nikapanda basi mpaka Mkata, nikarudi na gunia la majani. Nikayatwanga, nikayaloweka ndooni pamoja na vitunguu saumu, nikaiacha ndoo barazani. Asubuhi nichuje, nitie sabuni kidogo dawa ishike, nipulizie kabla mvua haijarudi.

Asubuhi nikaenda kuazima bomba la kupulizia. Kurudi, ndooni mna makapi matupu.

"Faudhia! Maji ya ndoo yako wapi?"

Mkwe wangu akatoka jikoni anafuta mikono. "Walikuja watu, mama. Jabiri homa, Maryamu tumbo, na wengine. Nikawachotea."

"Umewachotea dawa ya nyanya?"

"Ya nyanya?" Akaniangalia. "Si wewe mwenyewe unayesema dawa ikiombwa hainyimwi?"

Miaka yote nikitoka Mkata huweka ndoo pale pale, kikombe juu yake, kijiji kinakunywa. Safari hii sikumwambia mtu kitu.

"Hata vitunguu saumu hawakuvisikia?"

"Jabiri kasema leo umeitengeneza kwa ufundi."

Loo! Nikayakamua yale makapi kwa kitambaa mpaka vidole vikauma. Kikatoka kikombe kimoja. Dawa hii huzuia, haifufui, basi nikachagua mashina mawili ya pembeni ambayo bado hayana doa, nikayapaka jani kwa jani kwa mkono. Bomba la watu nikaliegemeza ukutani, halina kazi.

"Shikamoo, bibi!" Jabiri huyo, anapita uani anatabasamu. "Homa imeshuka! Hakijabaki kikombe cha jioni?"

"Marahaba. Pita huku, mwanangu. Umekunywa dawa ya mashina kumi na nane, sasa njoo uyang'oe. Tuyachome, ule moto usio na moshi usije ukavukia haya mawili."