Milango ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikuwa anapinda suruali ya mteja pale simu ilipomuuliza kama inaweza kusoma jumbe zake. Akabonyeza Ruhusu kwa kidole gumba, pini zikiwa mdomoni, na mlango wa jikoni ukatoweka. Simu ikaomba kujua alipo. Ruhusu tena. Ukaenda wa mbele, pamoja na bawaba zake.

"Wangu wa bafuni ulikwenda zamani," alisema jirani yake, msusi. "Tundika pazia, utazoea."

Fundi alichotaka ni kupumua tu. Wateja walikuwa wamemganda, uko wapi, nguo imeisha, uko wapi, na yeye hana mkono wa tatu. Sasa simu ingejibu yenyewe: kila mtu anayeuliza alipo atumiwe ramani. Hakusoma kule chini kulikoandikwa kwamba kila mtu ni kila mtu. Nani anasomaga kule?

Akashona bila kusumbuliwa, lakini roho haikutulia. Katika chumba cha nyuma alikuwamo mdogo wake, aliyemkimbia mume akiwa na bendeji mkononi, na mlango wa chumba hicho ndio uliokuwa umebaki. Mdogo mtu alilala na viatu. Fundi naye, kikisikika kishindo, aliinua mguu kwenye pedali akasikiliza.

Siku moja simu ikaomba majina yote iliyoyahifadhi. Mteja alikuwa anamgombeza kwa ajili ya zipu. Akabonyeza ili yaishe. Chumba cha nyuma kikabaki wazi, mdogo wake akaonekana ameketi kitandani.

Shemeji, mume wa mdogo mtu, aliandika uko wapi, akajibiwa papo hapo, kwa adabu. Akafika, akapangusa miguu pale palipokuwa na mlango.

"Habari za kazi, shemeji? Asante kwa ramani. Sikuuliza mtu njiani."

Akapita hadi nyuma, akachukua begi la mkewe. Fundi alisimama na mkasi, asijue azuie wapi.

"Ulimwambia, dada?" aliuliza mdogo wake.

"Si mimi. Simu ndiyo iliyomwambia."

"Simu ya nani?"

Wakatoka, mume mbele, mke nyuma ameshika mkono wake mbovu. Msusi akawasalimia, akawakaribisha chai.

"Siku nyingine," alisema shemeji. "Njia naijua."