Risasi za Mzee Orrin

Mume wangu Delmar aliniposa kwa wiki mbili, lakini kuchagua kichwa cha risasi kulimmalizia majira mazima ya baridi. Risasi hujijazia mwenyewe stoo, na bunduki yenyewe, aliyorithi kwa baba yake, ni ya vita vya zamani, mtutu wake umelika. Ukiilisha vichwa vyembamba, vinayumba na kwenda vinakotaka. Inapenda vinene, vizito, vya pua butu. Baruti nayo iwe ile inayoungua polepole; ya bastola huwaka kwa pupa, na chuma kizee hakiistahimili.

Hayo Delmar aliyajua kwa uchungu. Ujanani aliacha makopo mawili ya baruti mezani kwa pamoja, kosa ambalo wajazaji risasi wa hapa Montana huona aibu hata kulitaja, akamjazia baba yake risasi kwa baruti ya bastola. Bunduki ya wakati huo ilipasuka usoni mwa mzee Orrin, jicho moja likaenda. Mzee hakusema naye tena mpaka tulipomzika vuli iliyopita. Ila bunduki hii nyingine alimwachia yeye, na Delmar alishikilia kwamba huo ndio msamaha. Mimi sikuwa na hakika.

Jumamosi moja asubuhi akaniita kutoka stoo.

"Opal, umegusa meza yangu?"

"Niiguse ili iweje? Mimi na hiyo mashine yako ya kujazia risasi hata salamu hatupeani."

"Jana nimeacha maganda matupu hapa. Hebu njoo uone."

Kasha lilikuwa limejaa risasi kamili, zote za pua butu. Kila kitako kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu ya kucha kuzuia unyevu, na katika bonde letu lote ni mzee Orrin tu aliyekuwa na mtindo huo. Stoo ilikuwa imelala na kufuli, ufunguo uko mfukoni mwa Delmar. Nikarudi nyuma hatua moja.

Yeye machozi yalimlengalenga. "Mkono wa baba huu. Kanichagulia mwenyewe."

"Na ile sheria yenu? Si mnasema risasi iliyojazwa na mtu mwingine haipigwi?"

"Huyu si mtu mwingine, Opal. Ni baba yangu."

"Baba yako yuko kaburini, we mwanamume! Fungua moja kwanza. Ukiipiga hivyo hivyo, mimi hunikuti hapa."

Akacheka kunifurahisha, akachukua nyundo ya kung'olea vichwa, akagonga. Baruti ikamwagika kwenye sahani. Haikuwa na vijiti kama ile ya polepole. Ilikuwa vipande bapa, vidogo vidogo: baruti ya bastola, na ganda lilikuwa limejazwa mpaka mdomoni. Nyumbani kwetu haipo. Delmar aliapa kutoiingiza tena tangu siku ya lile jicho.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikamshika mkono. "Twende ndani, Delmar. Tafadhali."

Aliutoa mkono wake taratibu. "Labda hii kaikosea," akasema. "Mzee alikuwa na jicho moja tu."

Akagonga ya pili. Ile ile. Akagonga nyingine. Alizifungua zote, moja baada ya moja, huku analia kwa sauti, anatafuta hata moja tu ambayo baba yake aliijaza vizuri. Hakuipata.