Pole Bila Lakini

Msimamizi wa kiwanda cha kushona sare aliingia kwenye mafunzo shingo upande. Kusikiliza watu nako ni somo? Masikio si anayo! Mkufunzi akawapanga wawili wawili: mmoja aeleze jambo lililomuumiza, mwenzake ajibu "pole", kisha afunge mdomo. Wafanyakazi wakacheka chinichini, maana bosi wao huyo walimwita Bwana Lakini.

Akapangwa pamoja na mama wa cherehani ya dirishani.

"Nilifiwa na mdogo wangu," mama akasema taratibu. "Nikaja kwako kuomba ruhusa nikamzike."

Msimamizi akatamani ardhi ipasuke immeze. Alilikumbuka jibu lake neno kwa neno, tena alilitoa bila hata kuinua macho kwenye simu: "Pole, mama, lakini sare za watu atashona nani?" Mama wa watu akarudi kwenye cherehani, akashona, na mdogo wake akazikwa na wengine.

"Pole, mama," akasema sasa. Akanyamaza.

Mama alikuwa anamtazama mdomoni, akisubiri "lakini".