Siku Tatu za Chumba Namba Sita

Likizo ya Mama Wakili ilichukua miaka kumi na minne kufika, na ilipofika ilikuwa ya siku sita.

Si kwamba hakuwa na haki nayo. Haki ilikuwapo, imeandikwa kwenye karatasi yenye muhuri, karatasi ikawekwa kwenye faili, na faili likafungiwa kabatini katika ofisi ya hospitali alikofanya kazi ya kutandika vitanda na kupiga deki wodi ya wanaume. Mwaka wa kwanza aliambiwa bado ni mgeni mno kupumzika. Mwaka wa sita aliambiwa amekuwa mzoefu mno, akiondoka wodi itayumba. Mwaka wa tisa mkubwa wake alimwambia asubiri kwanza yeye arudi, akaenda kupumzika mwezi mzima, akarudi anang'aa kama sufuria jipya, na habari ikaishia hapo. Safari hii Mama Wakili hakuomba. Alipeleka barua shule zilipofungwa, akaandika tarehe atakayoondoka na tarehe atakayorudi, akaiacha mezani na kwenda zake kabla mtu hajapata nafasi ya kukuna kichwa.

Basi Jumatatu mchana familia nzima ikashuka mbele ya nyumba ya wageni yenye ghorofa mbili, hatua mia mbili kutoka ziwani, ikapewa ufunguo wa chumba namba sita. Walikuwa watano. Baba Wakili alikuwa mpaka rangi, mtu wa mizaha, ambaye hakuweza kupita kwenye ukuta bila kuugusa kwa kidole na kutoa hukumu. Wakili mwenyewe alikuwa binti wa miaka minane, aliyepata jina hilo kwa sababu hakuna amri aliyoipokea bila kuidai maelezo. Mdogo wake wa kiume, miaka mitano, aliitwa Kiberiti, na aliyemkalia jirani kwa wiki moja hakuuliza kwa nini. Wa mwisho, wa miaka miwili na nusu, alikuwa Kifurushi, kwa kuwa alipenda kubebwa.

Asubuhi ya Jumanne, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia, Baba Wakili alifumbua macho akamwona mkewe amepiga magoti, anafuta chini ya kitanda kwa kitambaa kibichi. Vitanda viwili vilikuwa vimeshatandikwa, shuka zimekazwa kama ngozi ya ngoma, pembe zimekunjwa kihospitali. Kwenye roshani ilikuwa inaning'inia shuka ya Kifurushi, ambaye usiku alikuwa amejisahau.

"Mke wangu," Baba Wakili akauliza, "tumelipia chumba au umeajiriwa?"

Mama Wakili alimwambia anyanyuke, kitanda chake ndicho kilichobaki. Hakujua namna nyingine ya kuanza siku. Na zaidi ya hapo alikuwa na sababu yake, ambayo aliitoa huku akipangusa dirisha: humu kuna mwanamke mwenzake mwenye ndoo, anapanda na kushuka ngazi hizi tangu alfajiri, na yeye Mama Wakili anajua mgongo wa mtu huyo unavyouma saa sita mchana kuliko huyo mtu anavyojua mwenyewe. Chumba kimoja kikipungua ni chumba kimoja kimepungua. Hiyo ndiyo zawadi anayoweza kumpa, na haigharimu kitu.

Shuka ya roshani ikakauka, ikarudi kitandani. Mwanamke mwenye ndoo alipobisha hodi alikuta chumba kinameremeta na mgeni wake anatabasamu mlangoni, anamwambia nenda mdogo wangu, kapumzike, humu hamna kazi. Yule mwanamke akasimama kidogo, akatazama kitanda kwa kitanda, akashukuru kwa sauti ndogo, akaondoka.

Jumatano ikawa vivyo hivyo. Alhamisi pia. Na kila siku, usafi ukiisha, ndipo likizo yenyewe ilipoanza: watoto majini hadi vidole vikakunjamana, Kiberiti akichimba shimo akisema anatafuta upande wa pili, Kifurushi akila mchanga kidogo ili ajue, Wakili akiwauliza watu wazima asiowajua kwa nini wanavaa miwani myeusi wakiwa wamefumba macho. Baba Wakili alijifunza kuelea chali. Mama Wakili alikaa kwenye mkeka, miguu mbele, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine, akastaajabu jinsi mchana unavyokuwa mrefu ukiwa wako.

Alhamisi alasiri mwanamke mwenye ndoo alimfuata pale pale kwenye mkeka. Hakuwa na ndoo, na macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa wa umri wa miaka ishirini na kitu, amevaa gauni la kazi lililomzidi mabega.

"Mama, naomba nikuulize, usione nimekukosea adabu," akasema. "Nimekufanyia ubaya gani?"

Mama Wakili akapigwa na butwaa. Akamvuta akae. Habari ikatoka kipande kipande. Yule dada alikuwa kwenye mwezi wa majaribio. Kila siku anatakiwa atimize vyumba kumi, na chumba hakihesabiwi kwa macho bali kwa shuka chafu: shuka za chumba zikifika kwenye kapu la kufulia chini, msimamizi anaweka alama kwenye daftari. Zisipofika, chumba hakikuhudumiwa. Na anayepungukiwa siku tatu ndani ya mwezi hachukuliwi. Siku ishirini na nne alikuwa ametimiza bila doa. Sasa Jumanne ana tisa, Jumatano ana tisa, leo ana tisa. Msimamizi amemwita pembeni, amemwambia mgeni ambaye shuka zake hazishuki ni mgeni aliyeona uchafu akaona aibu kusema. Jumamosi saa sita mchana ndiyo majina yanasomwa.

"Hukumwambia kwamba ni mimi?"

"Nilimwambia. Hakuamini. Akasema hakuna mgeni anayelipa ili afanye usafi, na daftari haliandiki hadithi."

Mama Wakili alihisi masikio yanawaka moto. Alilijua daftari hilo. Hajawahi kulitia machoni, lakini alilijua, kwa sababu na yeye alikuwa na lake huko kazini, lenye safu na mistari, lililoandikwa na watu wasiowahi kukamua tambara. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba safari hii hakuna bosi aliyekuwa amefanya jambo lolote. Ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili na moyo wake mweupe, aliyekuwa anamnyang'anya mwenzake mkate kila asubuhi, tena huku anachekelea.

Jioni akawaita watoto, akawapanga mstari. Akawaambia kesho asubuhi chumba kichafuliwe.

Hawakuelewa. Kiberiti alidhani ni mtego. Wakili aliuliza kwa mamlaka gani. Mama akarudia kwamba kesho hakuna kukunja, hakuna kupangusa, kila mmoja aache kitanda chake kama alivyokitoka, na ikiwezekana kibaya zaidi. Baba Wakili akageukia ukutani ili asionekane anavyocheka.

Loo, watoto waliitii amri hiyo kuliko amri zote walizopata kupewa. Kufika saa mbili asubuhi ya Ijumaa mchanga ulikuwa ndani ya foronya, ganda la ndizi lilikuwa juu ya taa, shuka zilikuwa hema, hema lilikuwa limeangukia chai, na Kifurushi alikuwa amechora kwa kidole chenye siagi mstari mmoja mrefu ukutani, kutoka mlangoni hadi dirishani. Baba Wakili aliukagua mstari huo akasema mkono umetulia, mtoto atafika mbali. Mama Wakili alisimama katikati, meno ameyauma, kila kiungo kinamwasha, akijizuia kama mtu anayezuia chafya.

Yule dada alipofungua mlango alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akatazama saa ya ukutani, na kicheko kikamkauka. Chumba kile kilikuwa kazi ya saa mbili, na vyumba tisa vilikuwa bado vinamsubiri.

Kumbe mtu anaweza kumwangamiza mwenzake kwa usafi, na akimaliza amwangamize kwa uchafu. Mama Wakili hakungoja kuambiwa. Alimfukuza mumewe na watoto waende ziwani, akafunga mlango kwa komeo, akapandisha mikono ya blauzi. Wanawake wawili wakakishambulia chumba. Mmoja alivuta shuka, mwingine akarusha mpya. Mmoja juu, mwingine chini, bila kugongana, kama watu waliofanya kazi pamoja miaka. Mama Wakili alimwonyesha namna ya kukunja pembe kwa mkono mmoja. Yule dada alimwonyesha namna ya kutoa siagi ukutani kwa maji ya moto na majivu, jambo ambalo miaka kumi na minne ya wodi haikumfundisha. Mahali fulani kati ya kitanda cha pili na cha tatu yule msichana aliacha kumwita Mama Wakili mama, akaanza kumwita dada. Dakika ishirini na tano, shuka zikashuka kapuni, alama ya Ijumaa ikawekwa.

"Lakini zile tatu, dada," akasema akiokota ndoo. "Zile zimeshakwenda."

Siku hiyo Mama Wakili aliingia majini mara moja tu, akasimama maji yakiwa magotini, anatazama mbali. Baba Wakili alipomuuliza anawaza nini alisema anasoma daftari.

Jumamosi, baada ya chai, alishuka hadi kwenye meza ya msimamizi, familia nzima nyuma yake. Msimamizi alikuwa mtu mpole wa sauti, na funguo zilizofungwa kiunoni zililia kila alipogeuka. Kwenye benchi karibu na mlango mume na mke wenye masanduku mawili walikuwa wameshaketi, wanakingoja chumba namba sita. Yule dada alikuwa ngazini na ndoo yake.

"Bwana msimamizi, nimekuja kulalamika. Chumba changu hakikuhudumiwa siku tatu."

Ngazini ndoo iligonga ukuta. Yule dada alimtazama Mama Wakili kama mtu aliyesukumwa na aliyekuwa amemshika mkono. Mama Wakili hakugeuka. Angegeuka, angeharibu.

Msimamizi alisikitika kwa namna inayofanana sana na kufurahi. Alilifungua daftari la jalada jekundu, akaligeuza ili mgeni ajionee: Jumanne patupu, Jumatano patupu, Alhamisi patupu. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi kwamba yeye analijua tatizo hilo, na leo leo linapatiwa ufumbuzi.

"Kwa hiyo unakubali. Hakikuhudumiwa."

"Daftari ndilo hilo, mama."

"Vizuri," akasema Mama Wakili. "Nimelipia siku tano zenye huduma, tatu sikuzipata. Sidai pesa, nadai hizo siku tatu. Tunarudi juu, tutaondoka Jumanne."

Kiberiti akapiga yowe. Kifurushi, ambaye hakujua kimetokea nini, akapiga lake. Wakili akawa amekwisha kuvua viatu. Msimamizi alitazama benchi, akatazama masanduku mawili, akatazama ufunguo wa namba sita mkononi mwa Mama Wakili, uliokuwa haukaribii meza hata kidogo.

Akaanza kuzunguka. Akasema huduma ni neno pana. Akasema kuna utaratibu. Mama Wakili alimwachia azunguke atakavyo. Wakubwa wa kuzunguka alikuwa amewazoea. Mwishowe msimamizi akapata pa kutokea, uso ukamchangamka.

"Lakini mama, tuseme kweli. Jumatano nilipita mwenyewe mlango ukiwa wazi. Chumba kilikuwa safi."

"Safi?"

"Kinang'aa. Alhamisi pia. Sijaona chumba kilichotandikwa vile tangu nianze kazi hapa."

"Na vyumba vya juu vinasafishwa na nani?"

Msimamizi akaliinamia daftari. Funguo zake zikanyamaza. Mtu wa benchi, aliyekuwa anajifanya hasikii, akainua kichwa.

"Basi andika," akasema Mama Wakili. Wala hakupandisha sauti. "Chagua mwenyewe, bwana. Ama kilihudumiwa, ama tunabaki. Vyote viwili haviwezekani."

Ndipo Wakili alipoona siku tatu za ziwa zinamponyoka mbele ya macho. Akajisogeza mezani, akanyoosha kidole, akasema yeye ana ushahidi, maana aliyekuwa anasafisha asubuhi ni…

Baba Wakili hakuwahi kuwa mwepesi hivyo maishani. Alimnyanyua binti yake, akamlaza begani kama gunia, na alipofika mlangoni alikuwa tayari anamwambia kwamba anayetaka kuogelea mara ya mwisho muda wake ni huu. Sauti ya Wakili ilizidi kwenda mbali, bado inadai isikilizwe.

Kalamu ikaandika Jumanne. Ikaandika Jumatano. Kwenye Alhamisi ilisita, Mama Wakili akajipigapiga kiganja kwa ufunguo, ikaandika. Kisha akauweka ufunguo mezani. Alipoinua macho, ngazini hapakuwa na mtu. Juu ghorofani ilisikika ndoo inakokotwa, na mtu anaimba kwa pua.

Aliwakuta wengine kando ya maji. Wakili alikuwa ameketi amewapa mgongo, nywele zinachuruzika, ameapa kutosema na mtu hadi nyumbani. Alivumilia labda dakika nne.

"Mama. Tumeshinda au tumeshindwa?"

"Tumeshinda."

"Basi mbona sisi ndio tunaofungasha?"

Baba Wakili akasema hilo amwachie mama yake. Mama yake akachukua taulo, akamgeuza, akaanza kumkausha nywele, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.